Herufi na Namba za Ubavuni mwa Tairi ya Pikipiki

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye pikipiki za kubeba abiria na mizigo)

Nimeombwa nizungumze juu ya tairi, na najua wengine wenu mnajiuliza, tairi si ni tairi? Ikiisha meno twanunua ingine. Lakini pikipiki ya kikundi ni mali ya watu ishirini au thelathini, na inashikilia barabara kwa vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa sehemu isiyozidi kiganja cha mkono. Hapo juu ndipo anapoketi mama mjamzito akipelekwa hospitali, na mtoto akipelekwa shule.

Tazameni ubavuni mwa tairi ya nyuma. Kwa pikipiki nyingi za hapa kwetu mtaona maandishi kama haya: 3.00-18 47P. Hiyo 3.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 18 ni ukubwa wa rimu, pia kwa inchi. Hayo fundi yeyote anayajua. Yanayosahauliwa ni yale ya mwisho, 47 na P.

Nianze na hiyo P, maana ndiyo vijana hupenda. Herufi hii ni kipimo cha mwendo. J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120, M ni 130, N ni 140, na P ni 150. Basi kijana akisikia 150 anatabasamu, anaona amepewa ruhusa. Hapana. Tairi hupimwa kwa mashine ikiwa mpya, ikiwa na upepo kamili, na ikibeba uzito usiozidi namba iliyoandikwa kando ya herufi. Hapo ndipo husemwa itastahimili mwendo ule. Ondoa jambo moja kati ya hayo, na ile P haikuahidi kitu tena. Isitoshe, pikipiki yenyewe ya injini ya CC 125 haifiki 150. Herufi hiyo haitusumbui sana sisi. Inayotusumbua ni jirani yake, 47.

47 si kilo 47. Ni namba ya orodha, na maana yake ni kwamba tairi hiyo yaweza kubeba kilo 175, basi. Namba 42 ni kilo 150, 45 ni kilo 165, na 52 ni kilo 200. Sasa tupige hesabu pamoja, hesabu ya makadirio tu. Pikipiki yenyewe ina kama kilo 120, na nusu yake, yaani 60, inalalia gurudumu la nyuma. Mwendeshaji wa kilo 70 analalia nyuma kwa kama 45. Abiria wa kilo 70 ameketi karibu juu ya gurudumu lenyewe, basi tuseme 65. Jumla ni 170. Mmeona? Kwa abiria mmoja tu tairi ya 47 imekaribia mwisho wake. Ongeza abiria wa pili, yule anayeketi kule kwenye keria, na mmefika 240. Au mweke gunia la mahindi la kilo 90 badala ya abiria: 60 na 45 na 90 ni 195. Gunia moja, na tayari tumezidisha.

Sheria ya trafiki ya Kenya yasema abiria ni mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na jaketi yenye rifleksa. Wengi huona sheria hiyo ni ya kuwapa askari kazi. Lakini hesabu tuliyopiga hapa haikumhitaji askari.

Tairi iliyozidishiwa uzito haipasuki papo hapo, na hilo ndilo linalodanganya watu. Chukua kipande cha waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi. Utapata joto mkononi, halafu utakatika. Tairi nayo hujikunja kila inapozunguka, na ikiwa imelemewa au ina upepo kidogo hujikunja zaidi. Mwendo nao ukiongezwa, inajikunja mara nyingi zaidi kwa dakika, na joto halina nafasi ya kutoka. Nyuzi za ndani zinaachana na mpira, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Halafu asubuhi moja, kwenye lami, mwendo wa 80, tairi inapasuka. Watu husema ni bahati mbaya, au kuna mtu. Ilianza wiki nyingi nyuma.

Kwa hivyo geji ya upepo ni chombo cha kikundi, kama vile daftari la mweka hazina. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima. Pikipiki nyingi za hapa hutaka kama 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Someni kibandiko cha pikipiki yenu, au kitabu chake, maana hazilingani zote. Pimeni asubuhi kabla haijatembea, kwa sababu tairi ikipata joto geji inaonyesha zaidi. Wako wanaopunguza upepo ili pikipiki isirukeruke kwenye murram. Wanastarehe siku chache kisha wanalipa tyubu na rimu.

Juu ya mwendo nitasema moja tu. Ukiwa 40 kwenye lami kavu, tairi nzuri na breki nzuri zitakusimamisha kwa mita kama 9 tangu ushike breki. Ukiwa 80 si mita 18, ni 36. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali ni mara nne. Na kabla mkono haujashika breki umekwisha kwenda mita 20 na zaidi ukishangaa tu. Kwenye murram yenye vikokoto, au matope, ni mbali zaidi. Ng'ombe hajui hayo. Mtoto anayetoka shule pia hajui. Ndani ya mji na kwenye vituo vya biashara sheria imeweka 50, na mimi naona siku ya soko hata 50 ni nyingi.

Mkienda kununua, msichukue ya bei ya chini kabla ya kusoma. Saizi ile ile ya 3.00-18 hupatikana ikiwa na 52P, na kwa kazi ya mizigo hiyo ni bora, ingawa haimaanishi pikipiki yenyewe imeongezewa nguvu. Tafuteni pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukining'inia dukani. Ukiwa na nyufa ndogondogo, iacheni. Na tairi iliyochongwa meno upya kwa kisu, hata mkipewa bure, kataeni.

Sasa niseme na wanachama, si waendeshaji. Mmemwekea kijana hesabu ya kila siku. Kama hesabu hiyo haipatikani kwa abiria mmoja mmoja na mwendo wa haki, basi ni nyinyi mliopakia yule abiria wa pili. Kaeni na kijana, mwone anapata nini hasa siku ya mvua na siku isiyo ya soko, kisha mpange. Na mtenge kitu kidogo kila wiki kwa tairi, ili siku meno yakifika kwenye alama ya TWI pesa ziwe ziko.

Pale chini ya mwembe kuna tairi tatu, moja mpya na mbili kuukuu. Gaweni watu makundi matatu, kila kundi lisome namba zake, lipige hesabu ya mzigo, kisha mje mniambie ipi ingembeba mama Jumatano kwenda kliniki.