Bomba limezinduliwa, maji yako wapi?



Mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake ilielezwa kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyaelewa: ifikapo mwaka 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na ya kutosha katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Mama angeweza kutoka na ndoo yake na kurudi kabla uji haujachemka.

Mwaka 1991 ulipofika, zaidi ya nusu ya wananchi wa vijijini walikuwa bado wanachota mtoni, kwenye vidimbwi na kwenye malambo ambamo ng'ombe nao hunywa. Mwaka huohuo ikatolewa Sera ya Maji. Mwaka 2002 sera ikaandikwa upya, na zile mita 400 zikarudi palepale, sasa zikiwa na nyongeza ya lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa kila watu 250. Mwaka 2006 ikaja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, nayo ikapewa hadi mwaka 2025. Mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA.

Basi mtu akiniuliza kama mipango ya serikali hufaulu au hushindwa, mimi humrudisha kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo jibu la mkato lisipotosha. Haikuwa kwamba serikali ilikaa bure miaka yote hiyo. Visima vilichimbwa, mabomba yalitandazwa, matangi yalijengwa. Wafadhili waligawana mikoa kama watu wanaogawana mashamba: Wasweden wakaenda Kagera, Mara na Mwanza, Wadenmark wakachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini wakashuka Mtwara na Lindi, Waholanzi wakawa Shinyanga na Morogoro. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake, na mara nyingi na aina yake ya pampu. Fundi aliyejifunza kufungua pampu ya Kifini kule kusini, ukimhamishia Shinyanga alikuwa kama dereva wa lori aliyepewa boti.

Kazi yangu ya utangazaji imenipeleka kwenye uzinduzi wa miradi mingi ya maji, na ratiba yake naijua kwa moyo. Turubai hufungwa mapema. Ngoma hutangulia, kisha risala, ambayo aghalabu huombwa ndani yake na zahanati. Mgeni rasmi hukata utepe, hufungua koki, hunywa glasi moja, na vigelegele hupigwa. Jioni, katika taarifa ya wilaya, huandikwa kwamba watu elfu tatu na kitu sasa wamepata maji. Tangu saa hiyo watu hao wamehesabiwa, na wataendelea kuhesabiwa hata kama koki ile itakauka kabla ya mavuno.

Hapo ndipo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Kwa miaka mingi tumehesabu mabomba yaliyojengwa na kuyaita maji. Vituo vya kuchotea maji vilipokuja kuorodheshwa nchi nzima, kimoja baada ya kingine, miaka ya mwanzoni ya 2010, ilionekana kwamba karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Katika vitabu vilikuwa vimeshahesabiwa kama mafanikio. Katika maisha ya mama mwenye ndoo vilikuwa vyuma vilivyosimama.

Nimewahi kufika katika kijiji kimoja ambako pampu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, kana kwamba ingeweza kutoroka. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa ndani, kitu cha kutosha kiganjani. Fedha za kuununua zilikuwapo katika mfuko wa kamati. Duka lenye mpira wa saizi ile halikuwapo katika wilaya nzima, na mzee aliyekuwa na ufunguo alishakwenda mjini mara mbili kwa nauli yake mwenyewe akarudi mikono mitupu. Wakati tunaongea, watoto wa kike walikuwa wakipita na madumu kuelekea bondeni, na ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya shule.

Wapo wanaosema tatizo la mpango wa mwaka 1971 lilikuwa ubure. Maji yalitolewa bila malipo, na cha bure, wanasema, hakithaminiwi. Wazo hili ndilo lililobeba sera za baadaye: mwananchi achangie, aunde kamati, afungue mfuko wa maji, na alipe kwa ndoo. Silipingi lote. Dizeli hainunuliwi kwa hotuba, na baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, huku tukitoka katika vita vya Kagera, hazina haikuwa na fedha za kuendesha kila mashine ya kusukuma maji kuanzia Newala hadi Ngara. Aidha, Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yalikuwa yamezivunja halmashauri, na mashine ya kijijini ikawa mali ya mhandisi aliye makao makuu ya mkoa, mbali na harufu ya dizeli yenyewe.

Lakini nauliza: chanjo ya mtoto nayo si bure? Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, wakati uleule wa dhiki. Kwa miaka mingi umewafikia zaidi ya watoto wanane katika kila kumi, katika nchi hiihii, kwa barabara hizihizi. Mama hutembea saa nzima, mtoto mgongoni, kukifuata kitu ambacho hakulipia hata senti, na anakithamini.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko kwenye kadi. Mtoto ana kadi yenye tarehe. Muuguzi ana daftari lenye jina la mtoto. Jokofu lina kipimajoto, na joto lake huandikwa kila siku. Dawa ikikosekana Jumanne, pengo huonekana Jumanne hiyohiyo, na yupo mtu wa kuulizwa. Bomba halina kadi. Likikauka, hakuna daftari linalobaki na nafasi wazi, na mwenye kuulizwa ni kamati, ambayo humwelekeza mwuliza kwa fundi, ambaye husema anasubiri halmashauri, ambayo inasubiri fungu.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, niruhusiwe kutaja mfano wa nyumbani kwetu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 vikundi vya watu wazima, jumla yao yapata milioni mbili, vilikusanyika kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu na kujadiliana, kisha vikaenda kufanya kazi. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Madimbwi yalifukiwa. Hiyo nayo ilikuwa programu ya serikali, tena ya serikali maskini. Ila kila kilichoombwa kilikuwa ndani ya uwezo wa aliyeombwa: jembe, miti, nguvu za jioni moja. Hakuna choo cha shimo kilichosimama kwa kukosa mpira kutoka Ulaya. Na kiongozi wa kikundi alirudi wiki iliyofuata, kipindi kilichofuata, akauliza nani amechimba na nani bado.

Huko Uganda nako liko jambo la kujifunza. Mwaka 1996 watafiti walifuatilia fedha ambazo serikali kuu ilizitenga kwa matumizi ya shule za msingi. Walizitembelea shule 250 na kulinganisha vitabu vyao na vitabu vya hazina. Ilionekana kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha zao, na nyingi hazikuona kitu. Wizara hazikuwa na habari, kwa kuwa katika vitabu vyao fedha zilikuwa zimeshatoka. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila kiasi kilichopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Hadi mwaka 2001 sehemu iliyofika ilikuwa imepita asilimia 80. Wamejitokeza wataalamu wa kusema kwamba gazeti halikufanya kazi hiyo peke yake, kwamba usimamizi pia ulikazwa wakati huohuo. Sawa. Lakini mwalimu mkuu akishajua kiasi alichotumiwa, anajua pia aulize nini.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzetu wanaodai kwamba serikali haijui kuendesha kitu na kwamba yote wapewe wafanyabiashara. Mfanyabiashara hatachimba kisima katika kijiji cha watu mia nne wenye mavuno mamoja kwa mwaka. Wala sikubaliani na wanaodhani kwamba kubadilisha jina la chombo ndiyo dawa. Tumeshakuwa na wizara, mhandisi wa mkoa, kamati, jumuiya ya watumia maji, na sasa wakala. Chombo kipya kikiendelea kuhesabu koki zilizofungwa ukutani, kitapata takwimu nzuri na wanakijiji wale wale wa bondeni.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mradi usiandikwe kuwa umekamilika siku ya utepe. Uandikwe mwaka mmoja baadaye, na mgeni rasmi yuleyule aalikwe tena, bila turubai na bila ngoma, afungue koki ileile. Kabla ya pampu kununuliwa, ijulikane duka la vipuri liko wapi na mpira unauzwa kiasi gani. Na daftari la maji libandikwe ukutani katika ofisi ya kijiji: fedha zilizokusanywa, fedha zilizotumika, na siku ambazo maji hayakutoka. Hiyo safu ya tatu ndiyo sijawahi kuiona mahali popote.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Anayenisikiliza akiwa kijijini, basi, katika mkutano ujao, kabla ya mengineyo, asimame aulize daftari hilo liko kwa nani.