Mkosoaji Si Mhaini
Mhadhara wa umma, Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi



Tarehe 10 Aprili 2025, katika Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam, mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alisomewa shtaka la uhaini. Siku moja kabla alikuwa amekamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, alikokwenda kuhutubia mkutano wa hadhara. Shtaka lenyewe lilitokana na maneno aliyoyatamka waziwazi kuhusu kuuzuia uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Kama ana hatia au hana, hilo ni la majaji, nami sitalisogelea. Ila kesi hiyo imetuachia swali ambalo si la majaji peke yao. Raia akiisema serikali yake mbele ya watu, je, ameisaliti nchi?

Nasema hapana, na nitaanzia kwenye sheria yenyewe.

Kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja anayemuua Rais au kujaribu kumuua, na anayeipiga vita Jamhuri ya Muungano. Kinamtaja pia anayekusudia kuiangusha Serikali kwa njia zisizo halali, kisha akalidhihirisha kusudi hilo kwa maandishi au kwa kitendo. Hadi hapo sina ugomvi nacho. Anayewashawishi askari wageuze bunduki zao hawezi kujitetea kwamba alikuwa akitoa maoni tu. Nchi hii iliuonja uasi wa jeshi Januari 1964, na wazee waliopo hapa wanaukumbuka.

Kasoro iko ndani ya kifungu hicho hicho, mahali panapotajwa kusudi la kuitisha Serikali, Bunge au Mahakama. Kuitisha kwa kitu gani? Kwa bunduki, au kwa kura? Mpiga kura anayemwambia mbunge wake kwamba safari hii harudi bungeni amemtisha kweli, na mbunge huyo huenda asipate usingizi. Neno hilo likiachwa bila mipaka, linambeba mwenye silaha na mwenye hasira kwa pamoja, na wote wawili wanasimama mbele ya kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo na ambalo halina dhamana.

Sasa tazameni kosa lililo jirani na uhaini. Uchochezi ni kosa dogo kuliko uhaini. Hata hivyo Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kama ile ya Magazeti ya 1976 iliyoitangulia, inatamka kwamba kuonyesha kuwa Serikali imepotoshwa au imekosea katika hatua zake, peke yake, si uchochezi. Kuonyesha dosari za Serikali au za Katiba kwa nia ya kuzirekebisha si uchochezi pia. Ikiwa tendo halitoshi kuwa kosa dogo, linawezaje kuwa kosa kubwa kuliko yote?

Wapo watakaonikumbusha kesi ya mwaka 1970. Ni haki yao, maana ndiyo kesi ya uhaini inayokumbukwa zaidi katika historia yetu. Oscar Kambona alishtakiwa akiwa uhamishoni. Kizimbani walikuwepo Bibi Titi Mohamed, Michael Kamaliza na wengine. Kambona na Bibi Titi walikuwa wamelipinga Azimio la Arusha la 1967, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba walishtakiwa kwa sababu hiyo. Lakini mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, upande wa mashtaka haukuthubutu kusema kwamba kulipinga Azimio ni uhaini. Ulileta barua, fedha, habari za maofisa wa jeshi, na shahidi aliyedai kushirikishwa katika njama, Potlako Leballo wa Afrika Kusini. Mtu anaweza kuutilia shaka ushahidi huo, na wengi wameutilia shaka. Ila hata zama za chama kimoja, Jamhuri ilijua kwamba bila njama hakuna kesi. Bibi Titi aliachiwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Upande wa Zanzibar, wanachama 18 wa chama cha CUF walikaa rumande takriban miaka mitatu kwa shtaka la uhaini. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa si dola kamili. Walitoka mwezi huo huo. Miaka yao haikurudi.

Na juzi tu, baada ya machafuko ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, mamia ya watu, wengi wao vijana, walisomewa uhaini. Mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan, akilihutubia Bunge, alitaka waliofuata mkumbo wasamehewe, na wengi wakafutiwa mashtaka. Nashukuru kwamba walirudi kwao. Lakini shtaka la kifo linaloweza kutupwa juu ya mamia ya watu kwa wiki chache kisha likaondolewa, lilistahili kusomwa tangu mwanzo?

Ndugu zangu, sisi wa wilaya hii hatuhitaji vitabu kujua mambo haya yanaishia wapi. Mishamo iko katika wilaya yetu hii hii. Ulizeni familia za kule zilitoka Burundi kwa nini. Mwaka 1972 ulitokea uasi wa kweli kusini mwa nchi ile, watu wakauawa. Serikali ya Rais Micombero haikuishia kwa walioasi. Iliwafuata Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi waliotolewa madarasani. Watu wengi sana waliuawa wakihesabiwa kuwa wasaliti bila kuulizwa walichotenda. Waliosalimika walivuka mpaka, na wajukuu wao leo ni Watanzania wenzetu wanaolima tumbaku na mahindi.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alipitia pande zote mbili: aliwahi kuadhibiwa kwa kukosoa, na aliwahi kukosoa bila kuadhibiwa. Mwaka 1958 mkoloni alimtia hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika jarida la TANU, akatozwa faini. Mwaka 1994, akiwa mstaafu, alichapisha *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, akawakosoa kwa majina Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama chake mwenyewe. Hakuna aliyemwita mhaini. Heshima aliyopewa yeye ni haki ya kila raia chini ya Ibara ya 18 ya Katiba.

Niyalete hapa kijijini. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi. Na hapa panachimbwa shaba: tangu 2017 sheria ya madini inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Basi mama anaposimama na kuuliza mpango huo umeleta nini, darasa lipi, kisima kipi, anafanya kazi aliyopewa na sheria. Kumjibu kwamba anatumika na wapinzani ni kumnyang'anya kazi hiyo mbele ya majirani zake. Wengi wakishajibiwa hivyo mara moja, hawasimami tena.

Naliomba Bunge lifanye mambo mawili. Liandike upya sehemu ile ya kifungu cha 39, ili kuitisha Serikali kuwe ni kutumia nguvu au silaha, au kuwaita watu wazitumie, na si vinginevyo. Na pale ambapo ushahidi wote ni hotuba iliyotolewa hadharani, hakimu apewe uwezo wa kutoa dhamana. Nanyi, mbunge wenu akija kuomba kura au kusalimia, muulizeni hadharani yuko upande gani wa mambo hayo mawili.