Ukienda Tabora Kumsalimia Ndugu, Panda Basi Uusome Mji

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo waliohitimu)

 

Leo sikuja kuzungumza habari za mbolea wala choo bora. Hayo tulikwisha kuyasema, na tutayasema tena. Leo tuzungumze habari za safari.

Wengi wetu tuna watoto au ndugu Tabora mjini. Mmoja ni mwalimu, mwingine ana duka, mwingine ameolewa huko. Baada ya mavuno wanatuita: "Mama, njoo utusalimie." Nasi tunakwenda, na kuku wetu, na karanga zetu, na kidumu cha asali.

Je, tukifika tunafanya nini? Tunakaa. Asubuhi mwenye nyumba anakwenda kazini. Wajukuu wanakwenda shule. Mzee anabaki barazani peke yake mpaka jioni. Wiki mbili zinakwisha, anarudi kijijini. Akiulizwa, "Tabora umeionaje?" anajibu, "Nimeona ukuta wa nyumba ya mwanangu."

Nimewauliza wazee wengi kwa nini hawatoki. Jibu lao ni moja: "Nitapotea."

Ndugu zangu, jibu hilo lilikuwa la haki tulipokuwa hatujui kusoma. Mtu asiyejua kusoma, mjini hupelekwa kama mzigo. Hupakiwa hapa, hushushwa pale, na mwenye kumpeleka ndiye ajuaye njia. Lakini wewe sasa unajua kusoma. Kwa nini ukubali kuwa mzigo?

KABLA YA SAFARI

Kazi ya kwanza ya kisomo chako inaanza kwenye tiketi. Usiikunje na kuitia mfukoni kabla hujaisoma. Soma jina lako. Soma tarehe. Soma namba ya kiti. Kisha soma saa ya kuondoka.

Hapo kwenye saa pana mtego. Tiketi nyingi huandikwa saa kwa hesabu ya Kizungu. Ukiona 06:00, hiyo si saa sita mchana. Ni saa 12 asubuhi. Wapo waliofika stendi saa sita mchana, na basi limekwisha kwenda tangu alfajiri. Dawa yake ni hesabu ndogo: toa 6. Ukiona 10:00, toa 6, unapata saa 4 asubuhi. Ukiona 13:00, toa 6, unapata saa 7 mchana. Hesabu hii tuliifanya darasani kwa mawe na vijiti. Sasa inakupandisha basi.

Jambo la pili, chukua karatasi. Andika kwa mkono wako mwenyewe jina la mwenyeji wako, namba yake ya simu, mtaa wake, na alama iliyo karibu, kama vile shule, kanisa, msikiti au kisima. Karatasi hiyo iweke mwilini, siyo kwenye kikapu. Najua mtasema, "Mwalimu, namba iko kwenye simu." Ndiyo, lakini simu huisha chaji, na simu huibiwa. Karatasi haina chaji.

Jambo la tatu ni nauli. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, chombo cha serikali kinachosimamia usafiri wa nchi kavu. Haipangwi na kondakta kwa kukutazama usoni. Muulize abiria mwenzako kabla hujatoa fedha. Na uwe na fedha ndogondogo mkononi, ili usifungue kitita chako mbele ya watu.

NDANI YA MJI

Haya, umefika. Umepumzika siku moja, umekula, umesalimiana na majirani. Siku ya pili omba ruhusa kwa mwenyeji wako, utoke.

Magari madogo ya abiria mjini huitwa daladala. Mbele ya gari huandikwa linakotoka na linakokwenda. Simama, soma. Usiifuate sauti ya konda, maana konda anaita kila mtu. Maandishi ndiyo yanayokuambia gari linakwenda wapi. Utasoma majina ya mitaa ya Tabora: Ng'ambo, Isevya, Kiloleni, Ipuli, Cheyo, Chemchem. Hukuwahi kuyaona majina haya katika kitabu cha kisomo, lakini herufi ni zilezile.

Ukiingia, kaa karibu na dirisha. Mwambie konda, "Mwanangu, nikifika Kitete unishushe." Atakujibu, "Sawa mama." Lakini usimwachie yeye kila kitu. Soma vibao vya barabarani, vya shule, vya maduka na vya zahanati. Kila kibao ni alama ya kurudia. Ukitaka kujifunza mji kwa urahisi, panda mpaka mwisho wa njia, kisha rudi na gari la njia hiyohiyo. Siku ya pili shika njia nyingine. Fanya hivyo mchana, siyo usiku. Na ukipanda bajaji au bodaboda, patana bei kabla hujakaa.

MJI UNA HISTORIA

Sasa tuone kuna nini cha kutazama. Anza na stesheni ya reli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1914 ikafika Kigoma. Njia ya kwenda Mwanza ilimalizika mwaka 1928. Ndiyo maana treni zinagawana njia hapa Tabora.

Pita Shule ya Wavulana Tabora. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 mpaka 1942. Baadaye akafundisha katika shule ya St. Mary's, papa hapa mjini. Na mwezi wa Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkubwa Tabora. Wajumbe walibishana sana kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu au kisuse. Waliamua kuingia, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Mjukuu wako anausoma shuleni. Wewe unaweza kumpeleka akaione Tabora yenyewe.

Lipo pia boma la Wajerumani, juu ya kilima. Ukiliona, mkumbuke Mtemi Isike wa Unyanyembe. Alipigana na Wajerumani, na mwezi wa Januari 1893 walipomzidi nguvu, alilipua baruti ndani ya ngome yake kuliko kujitoa kwao. Tazama boma kwa mbali, lakini usipige picha majengo ya jeshi bila ruhusa.

NJIA YA WAPAGAZI

Tazama tena kutoka dirishani. Utaona miembe mikubwa, mizee. Husemwa kuwa miembe hiyo ilitokana na kokwa za maembe waliyokula wapita njia wa misafara ya zamani.

Misafara gani? Kabla ya reli na kabla ya basi, palikuwa na njia ya miguu kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Urefu wake ni kama kilomita 1,200. Tabora ilikuwa kituo kikubwa katikati. Kutoka pwani mpaka Tabora palikuwa na mwendo wa miezi kama mitatu. Watu walivuka Ugogo, wakaingia Mgunda Mkali, nyika yenye shida ya maji. Mabegani walibeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Kurudi walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu sisi. Walipatana ujira, wakalipwa. Wanawake nao walikwenda, na vyombo na watoto. Lakini katika njia hiyohiyo walipita watu wengine waliofungwa minyororo, waliotekwa mbali huko magharibi ili wakauzwe. Hilo nalo tusilifiche kwa wajukuu.

Safari iliyowachukua babu zetu miezi mitatu, leo mtu amekaa kwenye kiti na tiketi mkononi.

SOMA KIBAO, KISHA UULIZE

Siku moja fanya safari ya Kwihara. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini. Kabla ya kutoka, uliza stendi gari gani linapita huko siku hiyo, na la mwisho kurudi ni saa ngapi. Huko ipo tembe iliyojengwa upya, nayo ni makumbusho. Inajulikana kwa jina la Livingstone, Mzungu msafiri na mmisionari.

Habari yake ni hii. Mwaka 1871 mwandishi wa magazeti, Stanley, alipita Kwihara akimtafuta Livingstone. Akamkuta Ujiji. Mwezi wa Februari 1872 wakafika wote Kwihara. Mwezi wa Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki mpaka mwezi wa Agosti.

Alibaki akingoja nini? Akingoja wapagazi! Stanley aliahidi kumletea watu kutoka pwani. Mtu mwenye sifa duniani alikaa barazani miezi mitano, kwa sababu bila wapagazi hakuna safari.

Mwezi wa Mei 1873 Livingstone akafa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba. Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara. Hapo wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walitaka kumfikisha kwao. Wakaendelea na mzigo wao mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

Basi mkisoma kibao cha Kwihara, ulizeni swali moja: nani hakuandikwa hapa? Susi na Chuma tunawajua kwa sababu majina yao yaliingia katika vitabu. Lakini watu maelfu kwa maelfu walipita njia hii, na majina yao hayamo. Hawakuwa wajinga. Walijua njia, walijua visima, walijua lugha za nchi walizopita, walijua kuhesabu posho yao. Ila kalamu haikuwa mikononi mwao.

Mahali pengine jina lilibaki. Mnaijua Kariakoo ya Dar es Salaam. Jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kila siku watu hupanda daladala iliyoandikwa Kariakoo, na wengi hawajui kwamba wanawataja wapagazi.

Mwaka 2006 serikali yetu iliitia njia ya misafara katika orodha ya UNESCO ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hilo ni jema. Lakini UNESCO haimjui babu yako. Wewe ndiye unayemjua.

KAZI YA KWENDA NAYO

Kwa hiyo nawapa kazi. Ukienda Tabora, usiende na kuku peke yake. Nenda na daftari na penseli. Jioni ukirudi kutoka kwenye basi, kaa na mtu mzima kuliko wote katika nyumba ile. Mwulize: "Katika ukoo wetu, nani aliwahi kwenda pwani kwa miguu? Alibeba nini? Alirudi na nini? Au hakurudi?" Andika jina lake. Andika kijiji chake. Mwandiko ukiwa mbaya, si neno. Mwombe mjukuu anakili vizuri, naye atakuwa amelijua jina.

Wazee wanaokumbuka mambo haya wanapungua kila mwaka. Wakiondoka kabla hatujaandika, hakuna basi litakalotupeleka kuwauliza.

Mkirudi tukutane hapa hapa, kila mmoja asome alichoandika. Na kabla ya siku hiyo, zungumzeni katika vikundi maswali haya:

1. Tiketi imeandikwa 11:00. Basi litaondoka saa ngapi?
2. Kwa nini wazee wengi wakienda mjini hawatoki nyumbani? Tufanye nini?
3. Kwa nini Livingstone alikaa Kwihara miezi mitano?
4. Jina la nani wa ukoo wako lingepotea usipoliandika wewe?

 Safari njema, na mtusalimie Tabora.