Anayeuza kitanda chake si mchuuzi



Fungua kikundi cha WhatsApp cha mtaa wako hapa Goma, uwe Katindo, Himbi ama Majengo. Utaona friji iliyotumika, inauzwa na mama anayetafuta pesa ya shule ya watoto. Chini yake zimefuatana picha za viatu vipya, na mwenye viatu ana depo nzima Birere. Wote wawili wanalipwa kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Kikundi hakiwakati hata franga moja. Makato yanawangoja kwa wakala, siku ya kutoa pesa, na bei ya kutoa haimuulizi mtu kama ameuza mali ya nyumbani kwake ama ya biashara.

Utasema basi wanakatwa sawa. Hapana. Mwenye depo hana haraka ya kutoa. Pesa iliyoingia kwenye simu anamtumia aliyemletea mzigo, mzunguko unaendelea. Mama wa friji anataka noti mkononi, maana mwenye nyumba anataka noti, na muuza makala vilevile. Kwa hiyo anayeuza mara moja kwa shida ndiye analipa kutoa pesa yote, na mfanyabiashara anatoa kidogo tu. Mabenki yalipofunga milango hapa mjini mwishoni mwa Januari 2025, noti zikawa adimu, na wako mawakala waliodai zaidi ya bei iliyobandikwa ukutani. Mzigo huo nao ulimwangukia yuleyule.

Kwingine wamejaribu kuwatenganisha watu hawa. Soko la intaneti la eBay liliacha kumtoza mtu binafsi anayeuza vitu vyake, Ujerumani mwaka 2023, Uingereza Oktoba 2024. Wafanyabiashara wakaendelea kulipa. Lakini tuangalie vizuri: Februari 2025, kule Uingereza, mnunuzi wa vitu vya watu binafsi akaanza kutozwa yeye. Ada ilihama tu. Hapa Goma tunaijua njia hiyo, kila muuzaji anapomwambia mteja, "Ongeza na ya kutoa."

Kenya wamefanya jambo ninalolipenda zaidi. Mwenye duka anapokea malipo kwa namba ya Lipa na M-Pesa, mnunuzi hakatwi kitu, anakatwa muuzaji. Kisha kampuni ya simu ya Safaricom ikaleta Pochi la Biashara kwa wachuuzi wadogo: namba yao ileile ya simu, bila karatasi za kampuni.

Sheria zetu nazo zinaijua tofauti hii. Patanti, kibali cha biashara ndogo, iko tangu sheria ya Agosti 1979. Na tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, mwaka 2012, mjasiriamali mdogo anaweza kutangaza kazi yake bila kuandikishwa kwenye rejista ya biashara. Sheria hizo zinamhusu anayefanya kuuza kuwa kazi yake. Mama anayeuza kitanda alichokilalia miaka kumi hajafanya biashara, na asidaiwe patanti kwa sababu picha yake imeonekana kwenye simu.

Upande wa pili nasema kwa uzito uleule. Mwenye depo anayejificha nyuma ya namba ya kawaida, akijifanya anauza vitu vya nyumbani, anamwonea mama mwenye meza pale soko la Virunga, anayelipa ushuru wake kila siku mvua ikinyesha, jua likiwaka. Anunuaye ili auze tena ajulikane jina na mahali, ili kiatu kikipasuka baada ya siku mbili mteja ajue pa kukirudisha.

Kampuni za simu zina hesabu zote. Zinaona ni namba gani inapokea malipo kutwa nzima, na ni ipi imepokea mara moja tu mwezi mzima. Naziomba zianze hapo: namba ya kawaida itoe kiasi kidogo cha kwanza cha kila mwezi bila kukatwa, na namba zinazouza kila siku zihamishiwe kwenye bei ya wafanyabiashara.