Samaki kwenye uji wa mtoto

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Yanaendelea, hadi miaka 2 na zaidi, lakini chakula kinaongezwa. Huko Vitshumbi, ukingo wa kusini wa Ziwa Edouard, huongezwa uji wa muhogo au wa mahindi. Uji mtupu hujaza tumbo. Damu na misuli haujengi.

Na samaki yupo mlangoni! Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambamo kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo unga na maharagi hununuliwa kutoka mashamba ya Rutshuru. Ili pesa za kuvinunua zipatikane, tilapia naye husafiri kwenda kuuzwa Goma, na mtoto wa mvuvi huweza kubakiwa na mchuzi tu. Mchuzi si samaki. Nyama yenyewe ndiyo inayomjenga mtoto.

Mvuvi anayesikiliza atenge samaki wa mtoto kabla mzigo haujapakiwa. Samaki achemshwe mpaka aive kabisa. Miiba itafutwe kwa vidole, macho hayatoshi. Nyama ipondwe laini, itiwe kwenye uji mzito, usiomwagika kijikoni. Samaki wa chumvi aloweshwe kwanza, maji yamwagwe, ndipo apikwe. Lengalenga iliyopondwa na mawese kidogo viongezwe.

Miezi 6 imetimia: samaki aingie kwenye uji.

Mama anayenyonyesha naye ale samaki, apate na mlo mmoja zaidi kwa siku. Mtoto akikonda, au miguu ikivimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.