Kidonge Kikifika Ubongoni

Kwa nini daktari huanza na miligramu 20 za fluoksetini, dawa ya sonona, na si 60? Sehemu ya jibu imetoka Toronto, Kanada. Mwaka 2004, timu ya Jeffrey Meyer ilichapisha matokeo ya picha za ubongo za watu waliotumia dawa za sonona. Walidungwa kemikali yenye kaboni-11, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila dakika 20, kisha mashine ya PET ikaonyesha ilikonasa.

Kemikali hiyo hunasa kwenye visafirishi, protini zinazoirudisha serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe ubongoni, ndani ya seli iliyoitoa. Dawa ikishavikalia, kemikali hukosa nafasi. Dozi ya kawaida ilivifunga takribani asilimia 80, kwa dawa zote tano zilizopimwa. Ongeza vidonge upendavyo, mchoro wa dozi na visafirishi vilivyofungwa haupandi sana.

Lakini visafirishi hufungwa ndani ya saa chache, ilhali nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Kauli kwamba sonona ni upungufu wa serotonini basi haitoshi. Mapitio ya tafiti ya Joanna Moncrieff na wenzake, mwaka 2022, hayakuikuta na ushahidi thabiti. Wapo waliorukia kusema dawa hazisaidii. Hilo ni swali jingine kabisa: panadoli hutuliza maumivu ya kichwa, na hakuna anayeumwa kichwa kwa kupungukiwa panadoli.

Mchoro huohuo unawahusu wanaotaka kuacha. Kushuka kutoka miligramu 20 hadi 10 hufungua visafirishi vichache. Kutoka 5 hadi sifuri, vingi kwa mkupuo. Hatua za mwisho ndizo za kupunguza taratibu zaidi, daktari akisimamia.