TUTAZAME TUMBO LA CHOMBO KABLA YA KUTOA FEDHA

(Mazungumzo ya fundi wa vyombo mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa dago siku ile.)



Mmeniita niseme juu ya ile nyumba ya kuelea tunayoitaka kwa ajili ya dago letu kule mikokoni. Sababu sote twaijua. Bamvua likija, pale hapana pakavu pa kulala. Watu wanalala juu ya nyavu, maji yanawafuata. Kujenga nyumba yenyewe si kazi, hata mimi na vijana wawili tutaweza. Kazi ni kupata tumbo la chombo la kuibeba.

Kuna jahazi kuukuu linalouzwa, na wengi wenu mmeshalipenda. Mimi nasema, jamani, tusiende mbio.

Kwanza tujue uzito. Nyumba ya mbao nyepesi tuiweke kilo 1,500. Watu 8, kila mmoja kilo 70, ni kilo 560. Mapipa 2 ya maji ya kunywa ni kilo 400. Nyavu, nanga, kuni na chakula tuseme kilo 540. Jumla yake ni kilo 3,000, yaani tani 3. Sasa, chombo huzama mpaka kisukume maji yenye uzito sawa na wake. Chombo cha mita 8 kwa mita 3, kwa kuwa kimechongoka omo na tezi, kila sentimita 10 za kuzama kitabeba kama tani moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa hiyo mzigo wetu utakizamisha pungufu ya shibiri moja. Uzito basi si tatizo. Tatizo ni nyumba kuwa ndefu juu. Kusi likiipiga, chombo kitalala ubavu. Nyumba iwe fupi, na farumi ya mawe ikae chini kabisa.

Pili, tuchague njia. Ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kununua chombo kikuukuu. Si aibu. Kule Kerala, Uhindi, walikuwa na mashua kubwa za kubebea mpunga, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za usumba bila misumari, kama ilivyokuwa mitepe yetu ya Lamu. Malori yalipochukua kazi ile, mashua zikabaki bure. Tangu miaka ya 1990 watu wakazijengea nyumba za mianzi na mikeka, na wageni hulipa kulala humo. Lakini walitengeneza tumbo kwanza, nyumba baadaye.

Njia ya pili ni kuunda kipya. Chombo kipya tutakijua kila ubao wake, ila mbao nzuri ni ghali na miti inakwisha.

Njia ya tatu ni mapipa ya plastiki ya lita 200. Pipa moja likizama lote hubeba kama kilo 190. Mapipa 16 yatashika tani 3 kwa shida, kwa hiyo tufunge 32 ili yazame nusu tu. Hiyo ni rahisi, lakini ni ya kukaa ndani ya mkono wa bahari uliotulia. Kuivuta baharini msijaribu.

Mkiniuliza, nitasema jahazi, lakini kwa sharti moja: likaguliwe likiwa limepwelewa.

Niwaambie ukweli wangu. Nilipokuwa kijana, wazee walinituma nikatazame mashua ya kununua. Niliikuta imepakwa rangi mpya, inang'aa, nami nikasema nzuri. Sikuchoma kisu hata mahali pamoja. Mwezi wa tatu tulikuwa tukifua maji usiku kucha, na mwisho mkuku ukaachana. Watu walipona, nyavu 6 zikapotea. Wazee hawakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Basi tufanye hivi. Wakati wa bamvua lipandishwe pwani, tumbo likaushwe na likwanguliwe rangi na deheni. Tuchome kwa ncha ya kisu mkuku wote, hanamu na fashini. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, tuache. Tugonge kila ubao kwa nyundo: mzima hulia, mbovu hunyamaza. Mdudu wa baharini huingia kwa tundu dogo kama la sindano, na ndani akachimba njia ya kupitisha kidole. Kwa hiyo msidharau tundu. Tutazame mataruma palipo na misumari, kutu ikiwa imekula mti pembeni. Kalafati ikiwa imelegea peke yake, hiyo pamba na mafuta vitaitengeneza.

Mwenye jahazi akikataa kulipandisha, amekwisha tujibu.

Ndugu wanachama, fedha ile ni ya samaki wa mwaka mzima, na watakaolala mle ni watoto wetu. Naomba mkutano uamue: hata shilingi ya arubuni isitoke mpaka tumbo lionekane.



(Wanaotaka kwenda kukagua wajiandikishe kwa Katibu. Kila mtu aje na kisu chake.)